Mkono Wake, Mdomo Wangu

Wiki iliyopita niliishia pale nilipoinua mkono mbele ya kamati ya nidhamu nikasema uongo. Najua wengi mmenikasirikia. Jirani yangu, ambaye hajui kwamba mwandishi wa habari hizi ni mimi, alinisomea gazeti dirishani akasema, "Mwanamke huyu anastahili viboko." Nikamjibu, "Kweli kabisa," nikaendelea kuanika nguo.

Kwa aliyechelewa, mambo yalikuwa hivi.

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa na wanafunzi sitini wa diploma ya teknolojia ya habari, na kompyuta kumi na moja zinazowaka. Kwa hiyo tulisoma kwa zamu, wawili wawili kwa kila kompyuta. Mmoja aliitwa mdomo, mwingine mkono. Mdomo anashika daftari na kusoma amri, mkono anapiga. Mkono haruhusiwi kugusa enta mpaka mdomo aseme "enta". Tulisoma hivyo mwaka mzima, tukikariri mambo ambayo nusu yake hatukuyaelewa.

Mimi nilikuwa mdomo. Mkono wangu alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na mbili tuliyemwita Mzee Chapa, maana alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka ishirini na sita. Ofisi yao ilipoleta kompyuta, aliambiwa apate diploma kabla ya mwaka kwisha au abaki nyumbani. Macho yake hayakuona tena mwandiko wa karibu, lakini vidole vyake havikuwa na haja ya macho. "Mpiga chapa haulizi," alikuwa akituambia. "Hakimu akisema jua ni la kijani, unapiga kijani."

Tulipelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye kliniki ya mama na mtoto, tukawatengenezea mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ili kuujaribu, tuliingiza wagonjwa thelathini wa uongo, akina Bi Majaribio na Mama Hewa, wote wenye namba inayoanza na tisa. Siku ya kukabidhi, Jumanne tarehe kumi na nne, ilibidi tuwafute hao thelathini. Amri yenyewe ilikuwa na mistari miwili kwenye daftari langu. Wa kwanza ulisema futa wagonjwa. Wa pili ulisema wale tu ambao namba zao zinaanza na tisa.

Mstari wa pili ulikuwa juu ya ukurasa unaofuata, na ukurasa huo haukuwepo. Asubuhi ile, kwa haraka, nilikuwa nimeunyofoa ili nimwandikie mama yangu barua. Niliona upande mmoja mweupe, sikuugeuza.

Basi nilisoma mstari wa kwanza, nikahamia ukurasa wa mbele, nikakuta kichwa cha somo jingine, nikadhani amri imeishia pale. Nikasema kwa mazoea, "Nuktamkato. Enta." Mzee Chapa akapiga.

Wakafutika wote. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo iliishia miezi mitatu nyuma. Walioandikishwa baada ya hapo, akina mama mia nne na kumi na wawili pamoja na chanjo za watoto wao, wakaenda na maji. Wauguzi nao walishaacha madaftari yao, tena kwa kunisikiliza mimi: "Dada zangu, karatasi ni mambo ya kale."

Kwenye kamati nilisema nilisoma mistari yote miwili, ila mkono ulitangulia. Nikaonyesha daftari. Halikuwa lile la siku ile. Nilikuwa nimelinakili lote upya, nikalikunja pembe na kulidondoshea chai ili lionekane la zamani.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Chapa. "Una la kusema?"

Akanitazama. Kisha akasema, "Nilidhani nimesikia 'enta'. Lakini kama binti anasema alisoma, basi alisoma. Kidole changu kimetangulia."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Uamuzi ulibandikwa ubaoni Jumatatu. Mwanafunzi wa kiume, mkosaji, amezuiwa kufanya mtihani wa mwisho. Anaweza kukata rufaa hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Mwanafunzi wa kike, hana hatia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na onyo kwa wote: atakayebainika kutoa ushahidi wa uongo atafukuzwa, na jina lake litapelekwa vyuo vyote vya ufundi.

Wenzangu walinipiga mgongoni. "Umeponea chupuchupu!"

"Yule mzee alikuwa anakuburuza tu," akasema mwingine, ambaye mwaka mzima alikuwa akimwomba huyo mzee amsaidie kuchapa kazi zake.

Mkufunzi wetu wa hifadhidata aliniita pembeni. Tulimwita Bwana Nakala, kwa sababu hata ukimsalimia alikujibu, "Salama, mmeweka nakala?"

"Mtihani wa vitendo ni Jumatatu ijayo," akasema. "Na wewe huna mkono."

"Nipangie mwingine, mwalimu."

"Wote wana wenzao. Utapiga mwenyewe."

Nilicheka kwa woga. "Mwalimu, mimi napiga kama kuku anayedonoa."

"Basi donoa haraka. Ni dakika arobaini na tano."

Mnaouliza kwa nini sikusema ukweli siku ileile, nisikilizeni. Mimi ni mtu wa kuishia njiani. Ushonaji niliuacha katikati. Hoteli niliiacha katikati. Ndoa nayo iliishia katikati, ingawa mliosoma wiki ya tatu mnajua nani alimwacha nani. Mama yangu, ambaye ninaishi naye, husema, "Wewe hata sala unaishia katikati." Husema akicheka, lakini akimaliza kucheka huangalia pembeni.

Diploma hii ndiyo ilikuwa kitu changu cha kwanza kubakisha wiki moja.

Jumanne nilikwenda kliniki kuchukua saini ya mafunzo ya vitendo. Nilijua Matroni, mkuu wa wauguzi, atanifukuza. Nilikuwa tayari kufukuzwa, hata nilitamani.

Varanda ilikuwa imejaa. Wauguzi wawili walikaa kwenye meza ndogo na madaftari mapya, wakiwauliza akina mama mmoja mmoja. Umekuja mara ngapi? Mtoto alichomwa sindano gani? Wenye kadi walitoa kadi. Mama mmoja alikuwa na kadi iliyofuliwa pamoja na nguo, imebaki uji wa karatasi, na muuguzi akawa anaigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Alichomwa miguu yote miwili," yule mama akasema. "Au ulikuwa mmoja? Dada, mimi nakumbuka alilia tu."

"Itabidi tumchome tena," muuguzi akasema.

"Tena? Kwa kosa la nani?"

Muuguzi akafungua ukurasa mpya. Nami nilipita nimeinamisha kichwa.

Matroni alisimama nilipoingia. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika wodi tatu.

"Njoo hapa, mwanangu. Chuo kimenieleza yote. Pole sana."

Akanikumbatia. Nilibaki mikono imening'inia kama mwizi anayepewa zawadi.

Alisaini fomu yangu. Akaandika "bora sana" pale palipotaka maoni. Kisha akafunga mlango.

"Kuna nafasi ya karani wa kumbukumbu," akasema. "Mtu wa kuingiza upya wote waliopotea. Nimewaambia wakubwa namtaka wewe. Ulete diploma tu."

"Mama Matroni, mimi sistahili."

"Ndiyo maana nakupenda, huna majivuno." Akainua kidole. "Lakini yule mzee wako, namwombea mema huko aliko, mkono wake usikanyage tena hapa."

Nilisema ahsante. Mnaisikia hiyo? Nilisema ahsante.

Niliporudi chuoni nilimkuta Mzee Chapa nje ya geti. Mlinzi alikuwa ameshapewa jina lake, hakumruhusu aingie. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, na kwapani ameshika kibodi iliyokatwa waya, herufi zake zimefutika kwa uzee.

Nilitaka kugeuka. Akaniona.

"Binti! Nakusubiri tangu asubuhi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia utapiga mwenyewe Jumatatu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa vidole viwili vile?"

Nikavificha nyuma ya mgongo.

"Umekuwa mdomo wangu mwaka mzima," akasema. "Nimekosa, nimekuharibia kazi, karibu nikuondoe chuoni. Siwezi kukuacha bila mkono. Wapi tunaweza kukaa?"

Ningesema pale pale. Mlinzi alikuwa anasikiliza redio yake, barabara ilikuwa tupu, hakuna ambaye angenisikia ila yeye. Badala yake nikasema, "Nyumbani kwetu kuna nafasi, mzee."

Ndivyo mtu niliyemzika alivyoanza kunifundisha kazi.

Chumba chetu ni kimoja, kina pazia katikati. Upande wa mama kuna kitanda, upande wangu kuna meza na viti viwili. Mzee Chapa aliweka kibodi mezani, akaomba kitambaa, akavifunika vidole vyangu.

"Ukiangalia, umeshachelewa. Kidole cha shahada kikae hapa. Umeuhisi huu upele mdogo? Huo ndio nyumba yake. Kikienda matembezini, lazima kirudi nyumbani."

Nilipiga siku ya kwanza mpaka viganja vikauma. Siku ya pili, Jumatano, vidole vilianza kurudi nyumbani vyenyewe. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nikikosea alisema, "Tena," na nikipatia pia alisema, "Tena."

Wakati wa kupumzika nilimmiminia chai. Akaishika bilauri kwa mikono yote miwili, na bado chai ilicheza ndani.

"Unaumwa, mzee?"

"Hapana. Imeanza wiki ile ya kamati. Nyumbani mke wangu ananishikia kikombe kama mtoto." Akaiweka chini. "Nimepiga hukumu za watu waliokwenda kufungwa maisha, binti. Neno moja likiongezeka, mtu anapotea. Hakimu mmoja alisinzia katikati ya hukumu, bado hajasema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Nilisubiri nusu saa na vidole hewani. Wakili alikohoa, mshtakiwa akaanza kulia, mimi sikuongeza hata nukta."

"Sasa imekuwaje," akaendelea, taratibu, "kidole kilichomsubiri hakimu nusu saa kikashindwa kukusubiri wewe ugeuze ukurasa?"

Nilikuwa na la kujibu. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Labda ulichoka, mzee."

"Labda." Akaivuta kibodi upande wake. "Hebu nisomee kitu. Kata katikati, popote upendapo, bila kunionya. Nione kama kinatangulia."

"Mzee, ya nini?"

"Nisomee tu."

Nikasoma. Nikakata katikati. Vidole vikasimama hewani. Nikasoma tena, nikakata tena. Tulifanya hivyo mara ishirini, maana yeye alikuwa akihesabu. Mara zote ishirini kidole cha enta kilikaa kimya mpaka niseme.

"Hakitangulii," akasema. Hakuwa na furaha. Alikitazama kile kidole kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwibia. "Kingetangulia hata mara moja ningetulia. Ningejua ni uzee, nikaukubali."

"Si ukate rufaa, mzee? Mpaka keshokutwa."

Nilisikia maneno yanatoka, sijui yalitumwa na nani. Labda nilitaka aokolewe na mwingine, asiwe mimi.

"Nikaandike nini? Kwamba binti wa watu ni mwongo?" Akatikisa kichwa. "Wewe ulisoma kwenye daftari, na daftari liliwekwa mezani, mwenyekiti akaliona. Mimi nina kidole tu. Mwisho wa mwezi nakabidhi ufunguo wa ofisi. Tena, binti. Weka kitambaa."

Nikaweka kitambaa. Nilishukuru kwamba kilinipa mahali pa kuangalia.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho ya kufundishwa. Nilikuwa napiga maneno thelathini kwa dakika bila kutazama. Mzee Chapa alikuwa ameanza kutabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuwaza mshahara wa ukarani. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba mzee yule ameishi, ameona mengi, atazoea. Ndivyo tunavyojisemea tukishakula cha mwenzetu.

Mama akarudi kutoka kisomo saa kumi jioni.

Niwaeleze kuhusu mama. Ana miaka sitini na mitatu, mguu mmoja umevimba, na mwaka huu ndipo alipoanza kisomo cha watu wazima. Tangu ajue herufi hakuna kinachopona. Anasoma sabuni, anasoma vibao vya maduka, anasoma dawa zake na za jirani, yote kwa sauti. Mwalimu wao aliwaagiza wanafunzi wawaambie watoto wao wawaandikie barua. Hiyo ndiyo barua niliyoiandika asubuhi ile. Nilirudi kuitafuta jioni yake, baada ya yale ya kliniki, sikuiona. Nikadhani mama ameiwashia jiko, nami moyo ukatulia.

"Mwalimu bado yupo!" mama akasema. "Karibu tena. Huyu mwanangu anashika?"

"Anashika sana, dada yangu. Jumatatu atawashangaza."

"Safari hii atamaliza?"

"Atamaliza."

Mama akakaa kitandani, akavuta pazia ili atuone. Macho yake yaling'aa. "Basi na mimi nikuonyeshe. Mimi pia mwanafunzi. Ngoja nikusomee barua ya kwanza niliyoisoma peke yangu, bila kusaidiwa na mtu."

Akatia mkono chini ya mto, akatoa daftari lake, na ndani ya daftari akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kwa ukingo wake uliochanika.

"Mama, mzee amechoka," nikasema.

"Amekwambia?"

"Lete basi nikusomee mimi."

"Unisomee? Sasa nimekwenda kusoma kwa nini?"

Mzee Chapa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kamati. Akaivuta kibodi magotini, akanyoosha vidole. "Soma, dada. Mimi napiga, kama mahakamani. Leo wewe ndiye hakimu."

Mama akafurahi mno. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Ma-ma. Le-o ni Ju-ma-nne, ta-re-he ku-mi na nne."

Kibodi ikalia, kata kata kata, ingawa haikuandika popote.

"Da-wa ya mgu-u i-ko ju-u ya ka-ba-ti. Ku-nywa mo-ja. U-si-nywe mbi-li." Akainua uso. "Ananijua huyu." Akarudi kwenye karatasi. "Ni-ki-ru-di le-o, mra-di u-ta-ku-wa u-me-kwi-sha. Mi-mi mwa-na-o, a-na-ye-ma-li-za."

"Vizuri sana," akasema Mzee Chapa. "Vizuri kabisa."

"Kuna na nyuma."

Nikasimama. "Nyuma hakuna kitu, mama. Nyuma ni uchafu."

"Uchafu wenye mwandiko wako? Kaa chini. Huku nyuma nimekuwa nikijifunza siku nyingi, ila maana yake sijaipata, nikasema nitakuuliza." Akaigeuza. "Hapa juu ni maneno ya kompyuta, mwalimu wetu hajafika huko. Nayaruka. Chini yake umeandika Kiswahili. Ma-a-na ya-ke: wa-le tu a-mba-o na-mba za-o zi-na-a-nza na ti-sa."

Kata kata kata.

"U-si-sa-ha-u msta-ri hu-u. U-ki-u-sa-ha-u, wa-ta-fu-ti-ka wo-te."

Kibodi ikanyamaza.

Mama akatazama juu. "Nimekosea?"

"Hapana, dada," akasema Mzee Chapa. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hukuruka hata neno."

Nilikuwa bado nimesimama, mkono umenyooka kuelekea karatasi, na sikuweza kuurudisha. Nilisikia watu wakipita nje, wanacheka mambo yao.

"Nisomee tena ile tarehe," akasema.

Mama akageuza upande wa mbele. Safari hii alisoma bila kukatakata, kwa kuwa alishaizoea. "Jumanne, tarehe kumi na nne."

"Jumanne ile," Mzee Chapa akasema.

Hakunitazama. Aliinua mikono yake miwili mbele ya uso, akaitanua vidole, akaiangalia mbele na nyuma. Haikutetemeka. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, au anipige, au ainuke aondoke na ile karatasi aipeleke kwa mkuu wa chuo, yaishe.

"Nilikuwa nakilaza kidole hiki chini ya mto," akasema. "Mke wangu alidhani nimerukwa na akili."

"Mzee," nikasema.

"Ngoja."

Mama alikuwa anatuangalia, mara yeye mara mimi. "Kuna nini? Mwanangu, barua ina nini?"

Mzee Chapa akaipanga kibodi magotini, akairekebisha mpaka ikakaa sawa. Vidole vya shahada vikatafuta nyumba zao.

"Dada yangu, mwanao ni mdomo wangu chuoni," akamwambia mama. "Mimi sioni kuandika, na maneno sina. Kesho saa tisa rufaa yangu inafungwa. Nataka anisomee barua ya kumpelekea mkuu wa chuo. Nikishaishika kichwani, asubuhi nitaipiga kwenye mashine ya ofisi." Ndipo akanigeukia. "Soma chochote unachotaka, binti. Ukisema nilitangulia, nitapiga nilitangulia. Unanijua. Siulizi."

Ile karatasi ilikuwa mikononi mwa mama. Angempa mzee yule, au asingempa, hakuna aliyekuwa anaigombania. Mzee hakuitazama hata mara ya pili. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama anavyofanya anaposubiri kusomewa.

Nikafikiria Matroni na "bora sana" yake. Nikafikiria jina langu likipelekwa vyuo vyote. Nikafikiria ufunguo wa ofisi ya mahakama, mwisho wa mwezi.

Mama akaikunja barua yake taratibu, mara moja, mara mbili. Hakuwa ameelewa kitu. Alichoelewa ni kwamba mtu mzima anamwomba mwanawe amsomee, na hilo lilimjaza fahari.

"Msomee mwalimu wako," akasema. "Na leo usiishie katikati."

Nikamwangalia. Nikaangalia vidole vya Mzee Chapa.

"Kwa mkuu wa chuo," nikasema.

Kata kata kata.

"Jumanne tarehe kumi na nne, mimi..."

Nikanyamaza. Mama akainua nyusi, akingoja neno linalofuata.

Vidole vya Mzee Chapa vilibaki hewani. Havikutangulia.